Feni ya Nyuma na Ufunguo wa Jumamosi

Vijana, mtu akikuambia oveni yake imeharibika yenyewe, usimbishie, lakini usimwamini. Mpe pole, omba kiti, kisha ukae kimya. Baada ya dakika kumi atakumbuka kwamba alimwaga supu. Ukimwongezea kumi nyingine atakumbuka kwamba shemeji yake aliifungua nyuma kwa kisu cha mkate, "kuangalia tu." Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wenye oveni hawajawahi kusikia methali hiyo.

Mimi nimetengeneza majiko ya umeme kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeanzia Homa Bay, nimezunguka Rongo, Migori na Sori, nimevuka hadi visiwani na sanduku langu la vifaa likiwa limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Sasa nimestaafu. Macho yangu hayatofautishi tena waya wa kahawia na mweusi, na huo wa kahawia, unaobeba umeme, usipouona wewe, utakuona wenyewe. Wateja waliniita Fundi Okech. Nikishawapa mgongo, wengi waliniita Jakiawa, yaani mtu wa shaka, na sikuwahi kukasirika kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nashuku stima, nashuku vipuri, nashuku wateja, na mke wangu anasema hata mchuzi wake nilikuwa naunusa kwanza.

Kazi iliyonilisha hasa ni feni ya nyuma. Oveni za kisasa zina feni ndogo kwenye ukuta wa ndani, nyuma ya kipande cha bati chenye matundu. Kazi yake ni kuzungusha hewa ya moto ili mkate uive sawasawa kila upande. Feni hiyo ikichoka, keki hupanda upande mmoja na kulala upande wa pili. Mwenye keki hulaumu unga, kisha mayai, kisha dada wa kazi. Feni hulaumiwa mwisho kabisa, kwa kuwa haionekani.

Ukiitwa, sikiliza kabla hujashika bisibisi. Ikikwaruza, panga la feni limepinda au bati la mbele limeguswa na sufuria. Hapo hakuna haja ya kipuri, nyoosha uende zako. Ikipiga mluzi, mafuta yamekauka kwenye bushi, zile pete mbili zinazoshika mhimili wa mota. Ikinguruma bila kuzunguka, mota inataka lakini imekwama. Ikinyamaza kabisa, usikimbilie kusema mota imekufa. Angalia kwanza swichi ya mlango, maana oveni nyingi hukataa kuzungusha feni mlango usipofunga vizuri, halafu fuata waya mmoja mmoja na mita yako. Na kabla ya yote zima umeme wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kisha pima. Mtu akikuambia "nimeshazima," mshukuru, halafu nenda ukazime.

Hayo nilifundishwa na Mzee Oloo, aliyekuwa fundi wa hoteli moja hapa Homa Bay iliyogeuka baadaye kuwa duka la vitanda. Mzee Oloo alifundisha kwa kunyamaza. Siku yangu ya kwanza ya kung'oa feni alikaa juu ya debe akinywa chai, akaniangalia nikihangaika na ile nati ya katikati. Nilizungusha kama ninavyofungua nati nyingine yoyote. Ikagoma. Nikaongeza nguvu. Ikagoma zaidi. Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa mwili mzima, na mhimili ukakatika ukabaki mkononi mwangu.

"Nati ya feni hufunguka kinyume," Mzee Oloo akasema. Akamalizia chai yake. "Ukizungusha hivyo unakaza. Ingekuwa kama nati nyingine, feni ingejifungua yenyewe kila ikizunguka."

"Sasa mzee, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesahau."

Nilitaka kumrushia hilo debe. Lakini tazama, miaka yote hii, sijakata mhimili mwingine. Nawaambia na ninyi, na najua nusu yenu mtasahau.

Kitu ambacho Mzee Oloo hakunifundisha, labda kwa sababu nacho alitaka nikipate kwa kuumia, ni mahali pa kusimamisha shaka. Nilipata onyo la kwanza kule kisiwani Takawiri. Kulikuwa na nyumba ya wageni iliyokuwa na oveni nzuri, na feni yake ilikuwa inakwama kila baada ya mvua. Niliifungua nikakuta mota imezibwa na uji mweusi uliokauka. Nikamgeukia mpishi palepale, nikamwambia anamwaga mchuzi nyuma ya oveni na kunyamaza. Mpishi akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Sikumwamini. Nilipokuwa namalizia kazi jua likazama, taa ya jikoni ikawashwa, na vijidudu vya ziwa, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakaingia kwa dirisha kwa maelfu wakajibanza kwenye matundu ya oveni nyuma, penye vuguvugu. Uji mweusi ulikuwa wao. Tuliweka wavu dirishani na oveni ikapona. Mpishi alinipa samaki wa kubeba, nami nikajiambia kwamba mambo yameisha vizuri, kwa hiyo sikujifunza kitu.

Sasa niwaambie ya Migori, ambayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Mama Risper alikuwa na duka la kuoka mkate karibu na soko la Migori. Ni Msabato wa kweli, si wa kwenda kanisani kwa sababu ya kitambaa kipya. Alikuwa ameoka kwa kuni miaka mingi, mpaka akajinunulia oveni kubwa ya umeme iliyokuwa imetumika. Mimi ndiye niliyeifunga. Siku hiyo nilimpa mahubiri yangu yote. Nilimwambia asiguse ndani na mikono yenye maji. Asiweke trei ikigusa bati la feni. Na kwa kuwa kila Jumamosi duka lingefungwa kwa Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama, azime meni swichi, ile swichi kubwa ya ukutani inayokata stima yote ya duka, maana stima ya kwetu hupotea na kurudi kwa hasira, na ikirudi hivyo pasipo mtu itachoma kila kitu. "Usiiamini stima, Mama," nilisema. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea andiko.

Miezi miwili baadaye akanipigia simu. "Fundi, hii kitu inapiga mluzi."

Nikaenda. Bushi zilikuwa zimekauka kabisa, mafuta yamegeuka gamu. Mota ilikuwa ya zamani, nikasema ni uzee. Nikaweka nyingine. Wiki tano hazikuisha, mluzi tena. Hapo nikashuku duka la vipuri, maana siku hizi wanauza mota zilizopakwa rangi mpya juu ya kutu. Nikaagiza nyingine kwa mtu ninayemfahamu. Nayo ikaimba.

Mkate wa Mama Risper ulikuwa unatoka umeungua nyuma na mbichi mbele. Shule mbili zilikuwa zimeanza kutafuta mkate kwingine. Nami jina langu lilikuwa linaungua pamoja na ile mikate. Kwa hiyo nikaanza kuuliza, na swali langu la kwanza lilikuwa lile la kila mtu wa shaka: inaharibika lini?

"Jumapili asubuhi," Mama Risper akasema. "Ijumaa inafanya poa. Jumapili tukiwasha, ndiyo hiyo kelele."

"Na Jumamosi nani anakuwa hapa?"

"Boke."

Boke alikuwa mfanyakazi wake, mwanamke wa miaka kama thelathini, Mkuria kutoka upande wa Kehancha. Wafanyakazi wengine wote walikuwa Wasabato. Boke ni Mkatoliki, kwa hiyo yeye ndiye aliyeachiwa ufunguo Jumamosi. Alipokea unga ukija, akafagia, akalinda. Jumapili alikwenda misa ya kwanza kisha akaja kazini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na vijana, mtu asiye na maneno mengi hana wa kumtetea mbele ya mtu wa shaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia Mama Risper. Nilijisikia mwerevu sana niliposema hivyo.

Nikatega mtego. Hii ni mbinu nzuri, na bado naipendekeza kwa anayejua kuitumia: chukua rangi ya kucha, nyekundu, weka tone moja juu ya kila skrubu ya bati la nyuma, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye bati. Mtu akizungusha skrubu, tone linapasuka. Hawezi kulirudisha. Niliweka matone manane siku ya Alhamisi, Boke akiwa ametumwa sokoni. Ijumaa mchana nikampigia Mama Risper, akatazama, akasema yote ni mazima. Jumapili asubuhi nikafika mapema. Feni ilikuwa inalia. Nikazunguka nyuma na tochi. Matone yote manane yalikuwa yamepasuka.

Sikuhitaji zaidi. Nilitoka mbele, watu wakiwa wamepanga foleni ya mkate, nikamwambia Mama Risper kwa sauti kwamba kuna mtu anayefungua mashine hii kila Jumamosi, na mtu mwenye ufunguo ni mmoja. Boke ndiyo kwanza alikuwa ameingia, bado amevaa kitambaa cha misa.

"Mimi sijagusa hiyo mashine," akasema.

"Rangi imepasuka," nikasema.

"Rangi gani?"

Sikumjibu. Sikumjibu! Nilimwonyesha tu mlango wa nyuma kwa kidevu, kama askari wa sinema. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema kwa Kiluo kwamba huyu ametumwa na mwenye duka la kuoka la ng'ambo ya daraja, na foleni nzima ikaguna. Mama Risper akalia, kwa sababu alimpenda. Kisha akanyoosha mkono, Boke akaweka ufunguo juu yake, akatoka. Hakupiga kelele. Nami kule kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa ushahidi.

Niliweka mota ya tatu. Ufunguo sasa alikaa nao Mama Risper mwenyewe, na Jumamosi duka lilifungwa kwa kufuli asiingie hata paka. Nikarudi Homa Bay nikiwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Simu ililia baada ya wiki sita. Mama Risper hakuniamkia. Alisema tu, "Fundi, inapiga mluzi," na hapo nilisikia jina la Boke bila yeye kulitaja. Niliketi kitandani na viatu mkononi nisijue kwa nini nimevishika.

Nilikwenda Ijumaa, na safari hii sikuleta mota. Niliomba kiti nyuma ya oveni nikakaa tangu asubuhi. Nikapaka matone yangu mapya, nikayaangalia kama mtu anayelinda mayai. Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio, na pale kwa Mama Risper ilikuwa siku ndefu kuliko zote: mkate wa siku mbili unaokwa kwa siku moja, oveni karibu haipumziki tangu alfajiri. Feni, niliyokuwa nimeitia mafuta asubuhi, ilizunguka vizuri mchana kutwa. Nyuma ya oveni palikuwa na joto la kawaida, kwa sababu mhimili wa mota hiyo una panga jingine dogo kwa nyuma, linaloipoza mota yenyewe. Kila wakati wa mapumziko mafupi, walipozima oveni kwa kitufe chake, feni iliendelea kuzunguka peke yake karibu robo saa, ikitoa joto, kisha ikasimama. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Jua likaanza kuinama. Ghafla duka zima likashikwa na haraka. Trei za mwisho zikatolewa, meza zikafutwa, aproni zikavuliwa, kila mtu akitupia jicho dirishani.

"Mfanye haraka, Sabato isitukute na moto," Mama Risper akawaambia.

Akavuta mkate wa mwisho, akafunga mlango wa oveni, na bila kugusa kitufe chochote akaenda ukutani akashusha meni swichi. Tak. Taa zikazimika. Feni ikakata pumzi palepale.

Nikaweka kiganja karibu na bati la nyuma. Joto la oveni iliyowaka siku nzima, lisilo na wa kulitoa, lilikuwa linarudi nyuma taratibu kuelekea kwenye mota. Baada ya dakika tano sikuweza kuweka mkono. Baada ya kumi nikamulika tochi kwenye skrubu zangu. Tone la kwanza likavimba kama ugali unaochemka, likapasuka katikati. Kisha la pili. Hakukuwa na mtu aliyelishika. Kila Ijumaa mota hiyo ilikuwa inaokwa kama mkate, na mafuta ya bushi yanakauka, na kila Jumapili inalia kwa sababu imeungua.

"Mama," nikasema. "Nani alikufundisha kuzima namna hiyo?"

Alikuwa anatafuta mkoba wake gizani. Akageuka akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ni wewe, Fundi?"

Nilimfundisha kuzima. Sikumwambia asubiri feni isimame kwanza. Nilikuwa nimeishuku stima mpaka nikasahau joto, na hayo maneno mawili niliyoyasahau ndiyo yaliyoua mota nne na kumfukuza Boke. Dawa yake ilikuwa rahisi hata inauma kuitaja: zima oveni kwa kitufe nusu saa kabla ya jua kuzama, acha feni ijimalize, ndipo ushushe meni. Mama Risper akaelewa mara moja. Alikaa chini kwenye gunia la unga na Sabato ikamkuta hapo, akisema, "Jamani Boke, jamani Boke."

Ilinichukua siku nne kumpata. Duka la kuoka la ng'ambo ya daraja halikuwahi kumtuma. Alikuwa ameomba kazi huko, ndiyo, lakini baada ya kufukuzwa, na wakamkataa: nani anataka mtu anayeharibu mashine? Ndugu yake mmoja akaniambia yuko Sori.

Nilimkuta ufukweni, ameinama juu ya wavu mkubwa uliotandazwa omena, wale dagaa wa ziwani, akizigeuza kwa mikono ili zikauke. Aliniona mapema, nikitembea kwenye mchanga na viatu vya mjini. Hakusimama.

"Boke," nikasema.

"Fundi."

"Nimekuja kukuambia haikuwa wewe."

"Hiyo najua," akasema. "Umetoka Homa Bay kuja kuniambia kitu najua?"

Nikamweleza kila kitu: swichi, joto, rangi ya kucha. Aliendelea kugeuza omena. Nilipofika kwenye joto la nyuma akaguna.

"Eeh. Ijumaa jioni wao wakienda kanisa, mimi ndio nilikuwa nafagia huko nyuma. Hiyo bati ilikuwa inachoma mguu. Siku zingine haichomi. Ijumaa tu."

"Sasa mbona hukusema?"

Ndipo aliposimama. Akapangusa magamba mikononi.

"Nani aliniuliza? Ulipima waya, ukapima mota, ukapima mpaka soketi. Mimi ulipita tu. Ulikuwa unakuja kila mwezi, hujawahi niuliza hata swali moja. Siku ya kwanza unaniongelesha ni siku ya kunifukuza."

Vijana, nilikuwa na miaka karibu sitini, nimeshafungua oveni nyingi kuliko sufuria mlizopakuliwa. Na jibu lilikuwa limesimama na ufagio mita mbili kutoka kwangu muda wote. Niliona aibu kiasi cha kutojua pa kuweka mikono. Nikasema nisamehe. Akasema sawa, lakini ilikuwa ile sawa ya kumaliza maneno.

"Mama Risper anataka urudi," nikasema.

"Mama yangu kule Kehancha aliambiwa mimi ni mtu wa kuharibu mali ya watu. Aliambiwa kabla mimi nifike nyumbani. Hiyo maneno ulisema Jumapili, watu wakiwa kwa laini ya mkate. Nenda uitoe hapo hapo. Mimi nitakuja nisikie."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kaunta. Nilikuwa nimezoea kusema kwa sauti nikiwa sahihi, na nikagundua kwamba kusema kwa sauti ukiwa mkosaji kunahitaji mapafu mengine. Nikawaambia watu kwamba mashine haikufunguliwa na mtu. Nikawaambia iliharibika kwa maagizo yangu mimi, na kwamba nilimsingizia Boke kwa sababu ya matone manane ya rangi ya kucha. Mzee mmoja akauliza kama mkate wa leo umeiva. Yule mwanamke aliyesema habari za ng'ambo ya daraja alikuwepo, akatazama viatu vyake. Boke alisimama karibu na mlango, kitambaa cha misa kichwani, akisikiliza neno kwa neno kama mtu anayehakikisha kipimo cha unga.

Nilipomaliza, Mama Risper akatoka nyuma ya kaunta na ufunguo mkononi. "Nyathina," akamwambia, mwanangu, "chukua. Ni wako."

Boke akautazama bila kuugusa.

"Mpe Fundi," akasema. "Akae nao Jumamosi moja, yeye peke yake. Halafu Jumapili mwashe hiyo mashine."

Watu walicheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akaniaga kwa heshima, "Haya, Mzee," akanunua mikate miwili kama mteja mwingine yeyote, akarudi Sori. Hajawahi kurudi kufanya kazi pale.

Nami nikauchukua ufunguo. Hakuna aliyenilazimisha. Ijumaa, mota ikiwa mpya, walizima kwa kitufe, feni ikajimaliza, meni ikashushwa, wakaenda kanisani wakaniacha. Jumamosi nzima nilikaa na ile oveni. Nilikuwa fundi wake, najua kila skrubu iliyomo, najua kwamba safari hii haina sababu ya kulia. Hata hivyo nilikwenda nyuma mara nne kutazama matone kama ni mazima, na kila nilipokwenda nilikumbuka kwamba mtu akinichungulia dirishani ataona mwanamume peke yake, amechutama nyuma ya mashine ya watu.

Jumapili asubuhi walikuja wote. Foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana habari ilikuwa imeenea. Mama Risper alipandisha meni swichi, akaweka kidole kwenye kitufe, akasita. Na watu wote mle ndani, pamoja na Mama Risper niliyemfahamu miaka mingi, hawakuitazama oveni. Walinitazama mimi. Feni ilianza kuzunguka, laini, bila mluzi wowote, na bado ilichukua muda mrefu kabla ya mtu wa kwanza kuondoa macho yake kwangu.